Kazi ya Kuwazuia Wanaoondoka

Kazi yangu ya kwanza ya ofisini hapa London ilikuwa kuongea na watu wanaotaka kuondoka. Lilikuwa shirika la hisani, linalogharimia upasuaji wa mtoto wa jicho kwa watu wa vijijini Afrika Mashariki, na wafadhili wake walikuwa watu wa kawaida tu ambao benki iliwakata kiasi kidogo kila mwezi. Mtu akipiga simu kusema amestaafu, au amechoka, au hataki tena, simu yake ilihamishiwa kwetu, ghorofa ya juu, kwenye chumba chenye zulia la kijivu na madirisha yasiyofunguka. Kitengo chetu kilipewa jina zuri lenye neno la matunzo ndani yake. Siku ya kwanza mume wangu aliniuliza nafanya nini hasa, nikamwambia nawashukuru wafadhili. Baada ya muda nikamrekebishia jibu.

"Nawazuia wasitoroke," nilimwambia.

Akacheka. Yeye ni muuguzi. Anaowahudumia wanatamani kuruhusiwa watoke, na kazi yake ni kuwasaidia watoke wakiwa wazima. Mimi sikucheka sana.

Aliyetufundisha ni msimamizi wetu, Mwingereza wa makamo, mpole, mwenye sauti laini na masweta mazuri mazuri. Alisema usibishane na mtu hata siku moja. Mshukuru kwanza. Kisha muulize taratibu ilikuwaje akaanza kuchangia. Halafu nyamaza. Alisisitiza sana hapo pa kunyamaza. Mtu akishaanza kusimulia mama yake alivyopofuka, au safari yake ya ujanani kule Kenya, au marehemu mume wake, ataona aibu kuondoka. Hapo unamfungulia njia ndogo: si lazima uache kabisa, unaweza kupunguza, unaweza kupumzika miezi michache. Wengi walipita njia hiyo ndogo, na wakishapita wanashukuru kama wamefanyiwa jambo.

Nilikuwa hodari, sitaficha. Nimelelewa Morogoro na shangazi mwenye wageni wasiokwisha, kwa hiyo kusikiliza watu wazima nilikuzoea tangu utoto. Lakini kazi ile iliniharibu kichwa. Nikaanza kusikia ule ukimya kila mahali. Kampuni ya simu ikinipigia kuniuliza kama nimeridhika, nilikuwa nangojea njia ndogo ifunguliwe. Kijana wa duka la kahawa pale stesheni ya Thornton Heath alipojifunza jina langu na kulitamka vizuri, mtu mwingine angefurahi. Mimi nilijiuliza nani kamfundisha.

Halafu asubuhi moja msimamizi alikuja mezani kwangu na kikombe cha chai ya maziwa, sukari nyingi, kama ninavyoinywa. Akaketi kwenye ukingo wa meza, akaniuliza ilikuwaje nikaja London. Nikaanza kumweleza. Nilimweleza chuo, nikamweleza habari za baba yangu aliyeona ukungu mwaka mzima kabla hatujapata daktari. Nikiwa katikati ya sentensi nikamwona ananitazama tu, kanyamaza, na nikautambua ukimya ule. Ulikuwa wetu. Ulikuwa wa kazini.

"Najiona mwenyewe ndani yako," alisema nilipomaliza. "Nilivyokuwa naanza."

Saa ya chakula nilimhadithia mwenzangu wa meza ya pili, mama mmoja wa Bukavu ambaye ndiye niliyezungumza naye Kiswahili pale ofisini. Alikuwa anapasha moto wali wake. Aligeuka na kijiko mkononi.

"Alikuambia anajiona ndani yako? Miye pia aliniambia vile vile, dada. Na yule kijana Mwairishi aliyeondoka, naye aliambiwa. Huyu mzee anajiona ndani ya kila mutu."

Tukacheka hadi wali ukaungua kwenye maikrowevu. Ila tangu siku hiyo chai yake niliinywa kwa mashaka.

Sasa nije kwa mama mmoja wa Harrow, kitongoji cha London.

Simu yake iliingia mchana, siku ya mvua. Alizungumza Kiingereza cha taratibu, akaniambia ni mjane, amechangia miaka mingi, na sasa anataka kuacha. Lafudhi yake niliijua lakini sikuweza kusema nimeisikia wapi. Nikamshukuru. Nikamuuliza ilikuwaje akaanza. Akavuta pumzi, na katika kutafuta pa kuanzia likamtoka neno: "Basi..."

"Mama, unatokea wapi?" nikamuuliza kwa Kiswahili.

Kisha, kwa Kiswahili cha Tanga kilichokaa kabatini muda mrefu, akasema, "Wewe nani? Wewe mtoto wa nani?"

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kwa sauti iliyopanda ghafla, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Alizaliwa Tanga, wazazi wake Wahindi wenye duka la vitambaa. Aliolewa huko, wakahamia hapa yeye na mumewe wakiwa bado vijana. Mumewe alikuja kupata mtoto wa jicho uzeeni, akafanyiwa upasuaji, na siku alipofunguliwa bandeji alimwambia mkewe kwamba mapazia ya nyumbani ni machafu. Ndipo mama yule akaanza kuchangia. Aliponisimulia habari ya mapazia tulicheka sote wawili. Sikuwa na haja ya kumfungulia njia yoyote.

"Haya binti, niache hivyo hivyo," alisema mwishoni. "Nitaendelea. Kwa ajili yako."

Nilivua vifaa vya masikioni nikiwa na furaha kweli. Furaha hiyo ilidumu mpaka kesho yake, msimamizi alipoichezesha rekodi ya simu ile mbele ya kitengo kizima. Hakuna aliyeelewa Kiswahili isipokuwa mimi na mama wa Bukavu, lakini waliisikia sauti ya yule mama ikipanda. Msimamizi alisimamisha rekodi pale pale.

"Sikieni hapo," alisema. "Hapo ndipo alipoamua kubaki."

Wenzangu wakanipigia makofi. Nilijisikia kama mtu aliyeingiliwa chumbani anavaa.

Kuanzia hapo nilipangiwa wafadhili wote wenye asili ya Afrika Mashariki, na Harrow yote ikawa yangu. Yule mama akawa anapiga mwenyewe. Lakini hapa ndipo paliponitatiza: kila akipiga, alisema anataka kuondoka. Alimwambia hivyo aliyepokea simu chini, akahamishiwa kwetu, akaniulizia mimi. Tukizungumza habari za Tanga, za goti lake, za majirani zake wapya wanaoegesha gari vibaya, mwishoni anasema basi, nitaendelea. Wiki chache zikipita, anapiga tena kutaka kuondoka.

Nilimshuku. Kwanza nilidhani amesahau, kwamba akili yake inaanza kupotea. Lakini alikumbuka kila kitu, hata homa ya mume wangu niliyoitaja kwa kupita tu. Baadaye nikadhani ananipima. Labda aligundua kwamba simu zake zinarekodiwa. Labda kuna mtu anamtumia. Mtu haagi kila mara akabaki kila mara bila sababu.

Msimamizi yeye hakuona shida. Aliniita kwenye chumba chake cha vioo.

"Huyu mama anakuamini," alisema. "Hana tena mume. Nyumba ni yake. Umewahi kumsikia akizungumzia wasia?"

Nikamwambia hapana.

"Watu wengi wanapenda kuliacha jambo jema nyuma yao, ila hakuna anayewauliza. Tuna utaratibu wa kuwatembelea wafadhili wa siku nyingi. Nenda ukanywe naye chai. Ni mazungumzo tu."

Nilijua kwetu hakuna kitu kinachoitwa mazungumzo tu. Lakini nilienda. Nilijiambia naenda kwa sababu nataka kumwona.

Ilikuwa Jumamosi. Nilipanda treni ya Metropolitan hadi Harrow, nikatembea kwenye mtaa wa nyumba zilizojengwa mbilimbili, zimeshikana ubavu kama mapacha. Yake ilikuwa na mawaridi yaliyopogolewa vizuri mbele, na viatu vimepangwa ndani ya mlango. Mama mwenyewe alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alivaa sari ya rangi ya maziwa na sweta la kijivu juu yake, na alinishika mikono yote miwili kabla sijavua viatu.

Hatukuwa peke yetu. Binti yake, mfamasia, mwanamke mwenye umri wa kuweza kuwa dada yangu mkubwa, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na taulo begani. Nilimwamkia kwa Kiswahili. Alielewa, nilimwona ameelewa, lakini alijibu kwa Kiingereza na macho yake hayakutoka kwenye mkoba wangu.

Mama alikuwa amekaanga mihogo, akaimwagia chumvi, pilipili na limau. Tulikula sebuleni. Alinionyesha mapazia, akasema si yale yale. Nikacheka. Binti hakucheka. Akaweka kikombe chake chini.

"Samahani," alisema. "Leo Jumamosi. Ofisi zimefungwa. Shirika linakulipa uje kula mihogo na mama yangu?"

"Usimseme mgeni hivyo," mama akamwambia kwa Kiswahili.

"Namuuliza tu, mama. Mwache ajibu."

Wote wawili wakaninyamazia. Safari hii haukuwa ukimya wa kazini. Ulikuwa wa watu wanaotaka jibu. Nilikuwa na sentensi tayari, nimefundishwa, laini kabisa, inayoanza na neno kumbukumbu. Nilifungua mdomo ikakataa kutoka.

"Nimetumwa," nilisema. "Wameniambia nizungumze na mama habari ya wasia. Nimekuja pia kwa sababu nilitaka kumwona. Lakini nimetumwa."

Binti alisimama. "Nilijua," alisema. "Mama, si nilikwambia? Hawa watu hawapigi simu bure."

Nami nikaanza kutafuta mkoba wangu. Lakini mama alibaki ameketi, anapangusa pilipili vidoleni na karatasi laini.

"Kaa chini, binti," aliniambia. Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe kaa. Hawapigi. Mimi ndiye ninayepiga."

Binti hakuelewa. Hata mimi sikuelewa mara moja.

"Ukipiga simu kuuliza kitu, unaongea na mashine," alisema mama. "Bonyeza moja, bonyeza mbili, muziki, muziki, mpaka sikio linauma. Ukisema unataka kuondoka, papo hapo wanakupa mtu. Mtu mzuri, mpole, hana haraka. Anakuuliza ilikuwaje ukaanza. Nani mwingine ananiuliza hivyo siku hizi?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa.

Akatueleza yote. Watu wa umeme huwaambia anahama. Watu wa simu huwaambia amepata kampuni nyingine. Watu wa gazeti huwaambia macho yamechoka. Kampuni ya umeme ina kijana mmoja wa Wales anayemsimulia habari za mbwa wake. Wote amewatishia kuwaacha, na hajamwacha hata mmoja. Kwetu alianza zamani, kabla yangu, ila waliokuwepo walikuwa Waingereza na hakuona la kuwaambia zaidi ya goti. Halafu siku ile akapata mtu wa Kiswahili.

"Tangu hapo hao wengine nimewapunguza," alisema.

Nilitamani kucheka na nilitamani kulia. Miezi yote ile nilikuwa nikijiuliza mama huyu anataka nini kwangu, na alichotaka ni kile kile nilichojifanya kumpa.

Binti yake alikuwa ameketi, taulo limemwangukia mapajani.

"Mimi nakupigia kila jioni, mama," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Unapiga. Unaniuliza nimekunywa dawa. Nikisema nimekunywa, unaniaga."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema mvua imenyesha. Binti akainuka akaenda jikoni, tukamsikia anafungua maji kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mama akaniinamia. "Ukirudi ofisini, nifute. Kabisa kabisa, si kupunguza. Wasia wangu una wenyewe. Halafu kama utakuja tena, njoo. Hapo nitajua umekuja kwa miguu yako."

Jumatatu nilimfuta. Haikuchukua muda, ni kubonyeza mara chache tu, jambo ambalo kwa mfadhili tulilifanya lionekane kama kuhama nchi. Kabla ya saa ya chakula msimamizi akaniita kwenye chumba cha vioo. Nilimwambia mama ameondoka, na kwamba ameomba asipigiwe tena.

"Ulimpa nafasi ya kupumzika miezi michache?"

"Hapana."

"Ulimuuliza kwa nini?"

"Aliniambia bila kuulizwa."

Nilitegemea anikaripie. Badala yake alifunga mlango polepole, akasema ameona nimechoka. Alisema kitengo kinahitaji kiongozi wa kikundi, na kwamba amekuwa akinifikiria kwa muda. Kisha akauliza, kwa ile sauti laini, kitu gani kingenifanya niwe na furaha hapa. Halafu akanyamaza.

Nikajua niko kwenye simu. Mimi ndiye mfadhili.

Nami nikanyamaza. Tulikaa hivyo, watu wawili waliofuzu shule moja, tunatazamana juu ya meza tupu. Nje ya kioo mama wa Bukavu alipita, akarudi, akapita tena akijifanya anatafuta karatasi. Msimamizi ndiye aliyeshindwa kwanza.

"Sipendi kukupoteza," alisema, na akaangalia mikono yake.

Mpaka leo sijui kama sentensi ile ilikuwa ya kazi au yake mwenyewe. Nimeigeuza kichwani mara nyingi. Alionekana mtu mwenye huzuni. Lakini nilikuwa nimewafundisha wenzangu wapya jinsi ya kusikika wenye huzuni, na nilifundishwa na yeye. Pengine hilo ndilo lililonitoa pale, kuliko habari ya wasia: sikuweza tena kupokea neno jema bila kuligeuza kutazama upande wa chini. Nilimwomba muda wa kufikiri, nikautumia kutafuta kazi nyingine. Nikapata kazi ya mapokezi kwenye kliniki moja Woolwich, ambako wagonjwa wananifokea waziwazi kwa sababu miadi imechelewa. Wiki ya kwanza nilifokewa na baba mmoja mpaka mate yakanirukia, nikarudi nyumbani nimetulia kabisa. Mume wangu alidhani naumwa.

Harrow nilirudi. Si Jumamosi iliyofuata. Niliona aibu, nikakawia karibu mwezi. Mama alinifungulia, akautazama mkoba wangu.

"Hujaleta karatasi?"

"Sijaleta, mama."

"Ingia."

Ingekuwa uongo kusema tangu hapo tuliaminiana. Mwanzoni alikuwa akitupa swali moja katikati ya maongezi, kama mtu anayegonga tikiti kusikia limeiva: yule bosi wako bado anakuuliza habari zangu? Nami nilikuwa na yangu. Kila nikiondoka alinijazia mkoba vyakula, na kabla ya kustaafu yeye na mumewe walikuwa na duka hapa London miaka mingi, kwa hiyo nikawa najiuliza kama ndivyo alivyowashika wateja wake, kwa kuwaongezea kidogo juu ya kipimo. Nilimwambia mume wangu wazo hilo tukiwa tunakula kachori alizonijazia.

"Umewahi kuwaza kwamba bibi wa watu anakupenda tu?" aliniuliza.

"Nimewaza," nikamwambia. "Ndiyo maana namchunguza."

Akatikisa kichwa, akachukua kachori nyingine.

Majira ya baridi mama aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Aliyenipigia ni binti yake. Nilipoiona namba nisiyoijua nusura nisipokee. Alizungumza kwa haraka, Kiingereza kimemchanganyikia: mama katoka hospitali, amemhamishia kwake Pinner, lakini Jumamosi yeye hushika zamu ya duka la dawa na hana wa kukaa naye. Akasema angenilipa kwa saa.

Nilikasirika. Nikamwambia sitaki malipo. Akasema hapendi kuwa na deni kwa mtu asiyemjua vizuri. Nikamwambia basi anijue. Tukabishana kwenye simu kama ndugu, hakuna aliyenyamaza kumpa mwenzake nafasi, mpaka akachoka.

"Njoo saa tatu," alisema. "Ufunguo nitauacha kwa jirani."

Sasa naenda Jumamosi nyingi, si zote. Mama anatembea kwa fremu, ananung'unika kwamba nyumba ya mwanawe ina joto mno na chai yake haina tangawizi. Anasinzia katikati ya tamthilia za Kihindi kisha anaamka na kunishtaki kwamba nimebadilisha chaneli. Wiki iliyopita binti alirudi mapema kuliko kawaida. Sikumsikia akiingia. Niligeuka pale kwenye kochi nikamwona amesimama koridoni na koti lake, anasikiliza. Mama alikuwa anasimulia walivyomficha paka kwenye duka la vitambaa la baba yake, paka akazalia ndani ya robota la hariri.

"Hii sijawahi kuisikia," binti alinong'ona.

Nikasogea kwenye kochi ili apate pa kukaa. Akaketi bila kuvua koti. Mama akamtazama, akanitazama, akaanza hadithi upya kutoka mwanzo.